Oveni ya Moto Haibebwi

Sehemu ya Sita

Wiki iliyopita mliniacha nyuma ya lori la magodoro, nimekunja magoti kama mtu anayetafuta sarafu, huku Bwana Tabasamu akimuuliza mlinzi wa geti kama nimeshatoka. Wapo mliopiga simu gazetini kutaka kujua kama alinipata. Hakunipata. Siku ile.

Uliyejiunga leo, vuta kiti, shida zangu zinatutosha sote. Mimi ni mkataji wa sponji kwenye kiwanda cha magodoro, na wenzangu wananiita Godoro kwa sababu, wanavyodai, kila mtu ananilalia. Nina madeni mawili.

La kwanza ni la benki. Waliniruhusu kuchukua hela hata akaunti ikiwa tupu. Wenyewe wanaiita overdrafti. Sisi kiwandani tunaiita shimo, maana mshahara ukiingia unaanza kwanza kulijaza lile shimo, na kinachobaki juu ndicho chako.

La pili ni la Bwana Tabasamu, mkopeshaji wa getini. Huyu anakupa hela mwezi ukiwa katikati, wewe unamwachia kadi yako ya benki na namba ya siri. Siku ya mshahara anakwenda mwenyewe kwenye mashine, anatoa chake na riba yake, halafu anakurudishia kadi huku anacheka. Hajawahi kumfokea mtu. Ndiyo maana tunamwogopa.

Deni langu lilipozidi uwezo wa kadi, akataka dhamana. Nikamwonyesha picha kwenye simu: oveni kubwa ya gesi, ya milango miwili, inang'aa. Akaipenda. Sikumwambia kwamba oveni si yangu, ni ya mke wangu.

Mke wangu anaoka keki. Kabla ya oveni ile aliokea kwenye sufuria juu ya mkaa, macho mekundu, mpaka akajikusanyia hela ya kuinunua. Watoto wanasoma kwa oveni ile. Kodi ya nyumba inalipwa na oveni ile. Mshahara wangu mimi, kama mlivyokwisha kuona, ni mgeni anayepita barabarani bila kubisha hodi.

Haya, tuendelee.

Kiwandani kwetu kuna ujanja unaitwa kuhamisha. Unakwenda kwa mhasibu mapema, unampa namba ya akaunti ya mtu mwingine, na mshahara wako mwezi huo unaingia huko. Benki inafungua mdomo, inakuta hewa. Tabasamu anachomeka kadi, anakuta hewa. Wewe unakwenda kwa yule mtu, unachukua hela yako nzima, halafu unaamua mwenyewe nani alipwe nini. Sharti ni moja tu, yule mtu awe mwaminifu.

Mimi nilimchagua mwaminifu kuliko wote. Shemeji yangu.

Shemeji ni kaka mkubwa wa mke wangu. Anauza bima. Anavaa tai hata Jumapili, hata kwenye kuhamisha makabati. Kila akija kwetu lazima atoe hotuba ya nidhamu ya fedha, anaweka kikombe chini, ananyoosha kidole: "Shemeji, hela haikai kwa mtu asiyeiheshimu." Mke wangu anaitikia kwa kichwa, halafu ananitazama mimi. Siku moja alisema mbele yangu, bila kunong'ona, kwamba mwanamke atakayeolewa na kaka yake atalala usingizi.

Kwa hiyo Jumatano ya mshahara nilikwenda ofisini kwake saa ya chakula, natembea kama mwenye nyumba.

"Shemeji, mzigo umeingia?"

"Umeingia."

"Mungu mkubwa!"

"Shemeji, kaa kwanza."

Nikakaa.

"Umeingia," akasema. "Halafu umetoka."

"Umetoka umekwenda wapi?"

Akalegeza tai. Tangu nimjue sijawahi kumwona akilegeza tai.

"Shemeji," akasema, "hata mimi nina shimo."

Nje mtu alikuwa anapiga honi kama anayenizomea. Mshahara wangu wa mwezi mzima, sponji yote niliyokata, vumbi lote nililokohoa, ulikuwa umetoka kiwandani ukakwepa shimo langu, ukanyooka ukaenda kudumbukia kwenye shimo la mwenye tai.

"Lina kina gani?" nikauliza.

"Kina kirefu."

"Na zile hotuba?"

"Unadhani nilikuwa namwambia nani? Nilikuwa najiambia mwenyewe. Nyinyi mlikuwa mnasikiliza tu."

Nilitaka kumkaba. Badala yake nikaanza kucheka, akacheka na yeye, tukacheka mpaka mwenzake wa meza ya pili akaja kufunga mlango. Kisha kicheko kikaisha na hela bado haipo.

"Kwa nini hukuniambia nilipokuomba akaunti?"

"Ningekuambiaje? Wewe mwenyewe ulisema umenichagua kwa kuwa mimi ndiye mtu pekee asiyedaiwa. Nilifurahi, shemeji. Nikasema labda benki haitaona."

Benki haitaona! Na huyu ndiye mshauri wa ukoo.

Akanishika mkono kwa mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga. "Nitakulipa, polepole. Ila nakuomba kitu kimoja. Dada asijue. Dada ananiamini. Nikianguka kwake, sina pengine pa kusimama."

Nikamwahidi. Mnisamehe, niliahidi. Mtu akilia na tai, inatisha.

Sijafika hata kituoni, simu ikaita. Ile sauti laini.

"Godoro, ndugu yangu. Kadi yako leo imenyamaza."

"Labda mashine mbovu, bwana."

"Mashine tatu?" Nikamsikia akitabasamu. Ndiyo, kwa huyu bwana inasikika. "Hakuna ugomvi. Jumamosi asubuhi nakuja na mkokoteni. Oveni iwe imefutwafutwa vizuri, nisipeleke sokoni kitu chenye mafuta."

Basi kesho yake tukajikuta sisi wawili, mdaiwa na mdaiwa mwenzake, mbele ya dada wa kaunta benki. Wazo lilikuwa la shemeji. Alitaka tuombe mkopo mkubwa mmoja, tulipe midogo yote, tubaki na mmoja mzuri wenye adabu.

Dada wa kaunta alitusikiliza akiwa ameegemeza shavu mkononi. Alikuwa na sura ya mtu aliyekwisha sikia yote.

"Kaka zangu," akasema, "mnadaiwa, halafu mnataka kukopa ili mlipe. Na huo mtaulipa na nini?"

Shemeji akakohoa. "Na mshahara."

"Upi? Huu ulioliwa au ule utakaoliwa?"

Shemeji akachezea tai yake.

"Nisikilizeni. Hili shimo la kwetu naweza kulifunga leo. Mnaandika ombi, lile deni tunaligawa, mnalipa kidogo kila mwezi, na hamruhusiwi kuchota tena. Mwezi wa kwanza utauma. Baadaye mtaona mshahara unabaki. Lakini huyo wa getini, riba yake inazaa kila wiki. Huyo ndiye wa kuwahi. Nendeni kwake na chochote mlicho nacho, mpatane, mmalizane naye kabla ya mwingine yeyote."

"Sawa," nikasema.

"Na nyumbani wanajua?"

Mimi nikatazama feni. Shemeji akatazama viatu.

"Mh," akasema yule dada, akatusukumia kalamu. "Hamtafika popote mkiwa mnajificha jikoni kwenu wenyewe."

Niliandika ombi langu. Naapa niliandika. Shimo langu likafungwa siku ileile, na niliposhuka ngazi za benki nilijisikia mwepesi, nikamwambia shemeji kuanzia leo mimi ni mtu mpya. Yeye hakuandika la kwake. Alisema atafikiria, akiwa na maana kwamba hatafikiria.

Upya wangu ulidumu kama mwendo wa kutoka benki mpaka kwenye kibanda cha chai.

"Tatizo siyo deni," shemeji akasema, akikoroga. "Tatizo ni Jumamosi. Tukiipita Jumamosi, wiki ijayo nakusanya malipo ya bima, napata kamisheni yangu, tunamtuliza Tabasamu."

"Tunaipitaje?"

"Oveni inabebwaje?"

"Inabebwa na watu wawili. Nzito."

"Ikiwa ya moto je?"

Tukatazamana. Nawaambia ukweli, wakati ule niliona shemeji yangu ana akili kuliko benki nzima. Oveni ya moto haibebwi! Mkokoteni utakuja, utakuta mke wangu anaoka, mwenye mkokoteni hawezi kukumbatia chuma cha moto, Tabasamu atachoka kusubiri ataondoka. Tulichohitaji ni mke wangu awe na kazi ya kuoka Jumamosi kutwa.

Na kazi ile hakuwa nayo. Alikuwa amepanga kupumzika.

Nikarudi kiwandani kumtafuta dada wa gundi. Huyu ndiye anayepaka gundi kwenye vitambaa vya magodoro, na ana mdomo ambao gundi haijawahi kuuweza. Nikamwomba ampigie mke wangu simu, ajifanye bibi harusi, aagize keki ya ghorofa mbili ya Jumamosi jioni.

"Unanilipa nini?"

"Urafiki."

"Urafiki wako nautengenezea chai?" Lakini macho yalikuwa yameshawaka. Akaweka simu sauti ya juu, akabana pua kidogo.

"Haloo, mama wa keki? Mimi bibi harusi jamani, nimeangushwa na mtu wa keki, nalia hapa." Akalia. Kweli, na kamasi. "Nataka ghorofa mbili. Eh? Hapana, ngoja, mchumba wangu anasema mbili ni za watu maskini. Fanya tano."

Nikamkonyeza. Akanigeuzia mgongo.

"Tano, na maua ya sukari mpaka chini. Hela siyo tatizo, mchumba wangu ana kiwanda."

Kutoka upande wa pili nikasikia sauti ya mke wangu, sauti ya furaha ambayo sijaisikia siku nyingi. "Bibi harusi, usilie. Mimi sitakuangusha. Ila nina utaratibu wangu, mteja lazima atangulize nusu. Ukinitumia sasa hivi, nakwenda kununua mayai."

Dada wa gundi akafunika simu kwa kiganja. "Nusu," akaninong'oneza. "Lete."

Hapo ndipo nilipokumbuka ule utaratibu. Mke wangu haoki bila nusu. Alishatapeliwa zamani, akaapa.

Nusu ya keki ya ghorofa tano. Sikuwa nayo. Shemeji hakuwa nayo. Lakini kwenye simu yangu kulikuwa na ile huduma ya mkopo wa haraka, unabonyeza tu, hawakuulizi hata umeamkaje. Kalamu ya benki bado ilikuwa na joto langu. Nikabonyeza. Hela ikaingia, nikamtumia dada wa gundi, dada wa gundi akakata kidogo ya usumbufu, akamtumia mke wangu.

Ndiyo hivyo. Nilikopa kwa riba ili nimpe mke wangu mwenyewe hela, ili aoke keki ya harusi isiyokuwepo, ili oveni ipate moto, ili isibebwe kwa sababu ya deni lingine. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi hata harusi yenyewe sikuwa nayo.

Ijumaa jioni nyumba ilijaa trei za mayai. Mke wangu alinikalisha na bakuli la siagi, nikoroge.

"Unajua mume wangu," akasema, "hii ni keki kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Nikiifanya vizuri watu wote wa harusini wataniuliza namba. Labda nikodi chumba pale barabarani, niandike jina langu juu."

"Utaandika," nikasema, mikono inaniuma.

"Yule binti alikuwa analia, masikini. Nimemwongezea maua bila malipo."

Nikakoroga kwa nguvu. Niliona aibu, na sitaki kuipunguza hapa gazetini. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, na bado sikusema kitu. Watu wanadhani mwongo hana haya. Anazo, tena nyingi, ila anazitumia vibaya.

Jumamosi.

Mke wangu aliwasha oveni mapema. Kulipokucha vizuri, jiko zima lilikuwa linapumua moto na mlango wa oveni hauwezi kuguswa bila kitambaa. Shemeji akafika na tai ya bluu, eti amepita kusalimia dada. Akaniminya bega. "Inawaka?"

"Inawaka."

"Safi."

Kisha nje magurudumu yakakwaruza.

Nikatoka mbio kabla ya kubishwa hodi. Bwana Tabasamu alikuwa amesimama pale, shati jeupe, meno meupe, na nyuma yake mwenye mkokoteni amekaa juu ya mkokoteni wake anakula muwa.

"Godoro. Habari za nyumbani?"

"Nzuri bwana, ila kuna tatizo dogo." Nikashusha sauti. "Oveni iko kazini. Ni ya moto. Haishikiki. Itakuwa hivyo mpaka usiku, pengine na kesho."

Akanitazama kwa upole. "Ya moto."

"Moto sana."

"Ndugu yangu, mimi nimewahi kubeba jenereta inayonguruma. Nimewahi kubeba kitanda mtu amekikalia. Sina haraka. Kila chenye moto hupoa." Akamgeukia mwenye mkokoteni. "Tafuta kivuli."

Akaingia ndani, akaketi sebuleni, akakunja nne. Shemeji akampisha kiti kama anayempisha mkwe. Mpango wetu haukuwa na sehemu hii. Tulidhani mtu akiambiwa kitu ni cha moto anaondoka.

"Huyu ni nani?" shemeji akaniuliza kwa macho.

"Ndiye," nikamjibu kwa macho.

Na mke wangu akatokea kutoka jikoni, unga mpaka kwenye nyusi, amebeba trei.

"Nimesikia mgeni, nani huyo..."

Akasimama.

Bwana Tabasamu naye akasimama. Na kwa mara ya kwanza, wasomaji wangu, kwa mara ya kwanza tangu kiwanda chetu kimjue, lile tabasamu lilimtoka usoni. Bila hilo alikuwa mtu wa kawaida kabisa, mwenye mashavu yaliyochoka.

"Mama Ijumaa!" akasema.

"Bwana mzungushaji?" mke wangu akasema. "Umepajuaje kwangu? Tulikubaliana mimi nakuja kwako, wewe huji kwangu."

"Mnajuana?" nikauliza. Sauti ilitoka nyembamba.

Mke wangu aliweka trei mezani taratibu, akapangusa mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Kama umeniletea faida yangu, ungengoja Ijumaa," akamwambia. "Sikutaka watu wa hapa wajue."

"Mama, sikujua kama ni kwako. Haki ya Mungu. Nimefuata oveni ya mteja wangu sugu." Akanionyesha kwa kidevu. "Huyu. Godoro."



"Huyu anaitwa Godoro?" mke wangu akauliza.

"Kiwandani, mama."

"Na wewe kwa nini unamwita Mama Ijumaa?" nikaropoka. Nilikuwa naelea.

Tabasamu akanigeukia. Nadhani alinihurumia. "Godoro, hela ninazokopesha siyo zangu zote. Mimi nitazitoa wapi? Kuna watu wananiwekea, mimi nazungusha, faida tunagawana. Mama huyu ananiletea kila Ijumaa. Sijawahi kumuuliza anafanya kazi gani. Mtu akikuletea hela humuulizi zimetoka wapi." Akamgeukia mke wangu, akainamisha kichwa. "Lile fungu lako kubwa, mama, uliloniambia nimpe mtu mwenye dhamana ya uhakika. Nilimpa huyu. Dhamana yake ilikuwa oveni."

Shemeji alikaa chini bila kutazama kiti, akakosea, akakaa kwenye mkono wa kiti.

Mke wangu akacheka. Kicheko kifupi, kimoja.

"Ngoja nielewe," akasema. "Mimi nimeoka keki, nikapata hela. Nikakupa wewe. Wewe ukamkopesha mume wangu. Kwa riba. Kwa dhamana ya oveni yangu."

"Ukiyasema hivyo, mama, ndiyo."

"Na leo umekuja kuichukua."

"Nimekuja kuichukua ili nikulipe wewe."

Mwenye mkokoteni alichungulia dirishani, muwa mdomoni, akaona sura zetu, akarudi kivulini.

Nikapata ujasiri wa kijinga. "Mke wangu, na wewe ulinificha. Hela zote hizo, hukuniambia..."

"Nilikuficha," akasema. Hakupandisha sauti. Heri angepandisha. "Nilizipeleka mbali na wewe, mume wangu. Nilisema zikikaa humu ndani utazinusa. Nilitafuta mahali ambapo hutafika kamwe. Na huko ndiko nilikokukuta."

Nimeandika sehemu sita za masaibu yangu, nimewachekesha, wengine mmenitumia salamu. Nikiwa pale nilitamani nisiwe mimi.

Bwana Tabasamu akakohoa kwa heshima. "Mama, uamuzi ni wako. Nikiibeba, nauza, fungu lako linarudi, ila huna oveni. Nikiiacha, una oveni, ila fungu lako limekufa hapa kwenye hiki kiti." Akanionyesha tena. "Sema tu."

"Kwa hiyo nikimsamehe najiibia, nikimbana najiibia."

"Hesabu ndiyo inavyosema."

Mke wangu akavuta kigoda, akakaa mbele yangu, magoti yetu yakakaribiana kama siku ile nilipokwenda kumposa. Alininukia vanila. Macho yake yalikuwa mekundu na hayakuwa mekundu ya moshi.

"Sitaki maelezo marefu," akasema. "Nitakuuliza swali moja. Ukinijibu kweli, huyu bwana anaondoka na mkokoteni mtupu, na hilo deni tutakaa chini mimi na wewe, tutalilipa, hata likituchukua mwaka. Ukinidanganya, inabebwa, na wewe utasaidia kusukuma. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Mshahara ulitoka Jumatano. Uko wapi?"

Shemeji akanikanyaga. Polepole kwanza, halafu kwa nguvu, kisigino chote. Nilimtazama. Tai ya bluu, shati lililopigwa pasi, na macho ya mtoto aliyevunja chungu. Dada asijue. Nilikuwa nimemwahidi.

Nikamtazama mke wangu. Nikaliona lile jina lake juu ya mlango wa chumba cha barabarani, jina ambalo bado halijaandikwa.

Jamani, katika maisha yangu nimedanganya benki, mhasibu, mlinzi wa geti, na mke wangu kwa bibi harusi asiyezaliwa. Nilikuwa nimechoka. Nikavuta mguu wangu chini ya kisigino cha shemeji.

"Mke wangu," nikasema, "niliuhamisha, kuwakwepa benki na huyu bwana. Nikaupeleka kwenye akaunti ya kaka yako. Ukaliwa huko na deni lake. Muulize mwenyewe."

Mke wangu akageuza kichwa taratibu. Bwana Tabasamu naye akageuza. Hata mimi.

Shemeji alikuwa amekwisha kukaa vizuri kitini. Alinyanyua mkono, akaikaza tai mpaka juu kabisa, akaweka kidole kimoja hewani kama anavyofanya akianza hotuba.

"Mshahara gani, shemeji?" akasema.

Mke wangu alimtazama kaka yake kwa muda. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu zaidi. Akainuka, akaingia jikoni, na sote watatu tukasikia akizima gesi ili oveni ipoe.